Siku Redio Yetu Ilipopiga Muziki Mtupu

Ndugu msomaji, wahenga walituachia methali isemayo kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Kila mwaka huwafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha pili methali hiyo, nao huandika maana yake daftarini kama nilivyoiandika mimi zamani: mtu anayenyamaza sana huenda analiandaa jambo kubwa. Mwezi uliopita nilirudi Kansanga, katika chuo nilichosomea ualimu, nikakumbushwa maana nyingine ya methali hiyo ambayo kwa miaka mingi nimekuwa nikiikwepa. Kimya cha watu wanaopaswa kusema nacho kina mshindo, na mara nyingi mshindo huo humwangukia mtu asiyehusika.

Nilikwenda na wanafunzi wanne wa chama cha Kiswahili cha shule yetu. Wanataka kuanzisha redio ya shule, nami niliwaambia kwamba chuo changu kiliwahi kuwa na redio ya wanafunzi, ingekuwa vyema wakaone palivyo. Tulipanda taksi katikati ya mji, tukapita Nsambya na Kabalagala, tukashuka Kansanga kando ya barabara iendayo Ggaba, ufukweni mwa Ziwa Viktoria.

Anayeijua Kansanga anajua kwamba ni mtaa wa vyuo. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala kilianza hapa mwaka 2001, na tangu wakati huo hosteli, maduka ya kunakili karatasi, vibanda vya rolex na vyuo vidogo vidogo vimeota kandokando yake kama uyoga baada ya mvua. Pamoja na majengo hayo ilikuja lugha. Vijana kutoka Kenya, Tanzania na Kongo waliifanya Kansanga kuwa miongoni mwa mitaa ya Kampala ambako mtu anaweza kununua mkate, kupanga chumba na kubishana na mwenye boda boda kwa Kiswahili, tangu asubuhi hadi usiku.

Hili si jambo dogo katika nchi yetu. Wazazi wetu wengi walikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani na kambini. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa watu wengi jina la lugha likafungamana na jina la utawala ule. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini Kansanga haikungoja uamuzi huo. Hapa Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuvua magwanda na kubeba madaftari.

Chuo changu kilikuwa kimojawapo cha vile vidogo. Jina lake silitaji, kwa sababu ninayoyasimulia hayakuwa kosa la chuo. Yalikuwa yetu sisi wanafunzi watano, na mmoja wao ni mimi.

Chumba chenye trei za mayai

Redio yetu ilikuwa katika chumba kilicho nyuma ya bwalo la chakula, chumba ambacho kitanda na meza vingetosha kukijaza. Kutani tulikuwa tumebandika trei za mayai za karatasi ili kuzuia mwangwi. Tulikuwa na kompyuta moja, mashine ya kuchanganya sauti ambayo nusu ya vitufe vyake havikufanya kazi, na vipaza sauti viwili. Hatukuwa na mnara wala masafa. Sauti ilipita katika nyaya zilizofungwa kwenye miti hadi kwenye spika tano: bwaloni, katika hosteli ya wasichana, katika hosteli ya wavulana, kwenye baraza ya maktaba na getini.

Wakati ule tuliamini kwamba tumebuni jambo jipya. Baadaye nilipoanza kusoma historia ya utangazaji niligundua kwamba tulikuwa tukirudia jambo la zamani. Mwaka 1924 Chuo Kikuu cha La Plata nchini Argentina kilikuwa tayari na redio yake. Mwaka 1936 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, George Abraham na David Borst, waliunganisha mabweni yao kwa nyaya wakawa wanatangaziana, na kutoka katika nyaya hizo ukazaliwa mtindo wa redio za wanafunzi uliosambaa katika vyuo vingi vya nchi hiyo. Hapa kwetu Afrika Mashariki vyuo vikubwa navyo vilipata vituo vyenye masafa ya kweli: Makerere ina Campus FM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Mlimani Redio, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza kina kituo chake. Sisi wa Kansanga tulikuwa ndugu maskini wa ukoo huo.

Taarifa ya habari ilisomwa mara tatu kwa siku, kwanza kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. Zamu ya Kiswahili ilikuwa yangu. Niliamka mapema, nikasikiliza stesheni za Kampala za Kiganda na za Kiingereza, nikasikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, nikasoma magazeti ya jana yake yaliyobaki maktabani, kisha nikaandika ukurasa mmoja na nusu kwa Kiswahili. Wasikilizaji wangu wakuu walikuwa wageni. Mwanafunzi kutoka Mwanza au Kisumu hakuielewa CBS, maana CBS husema Kiganda. Alichokijua kuhusu mji aliokuwa akiishi ndani yake alikipata kwenye spika ya hosteli.

Naomba msomaji ayashike maneno hayo, maana uzito wa kisa hiki umo humo.

Nani alishika kipaza sauti

Ili kuelewa kilichotutisha mwaka 2009, yatupasa kurudi nyuma. Utangazaji wa redio nchini Uganda ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1950, chini ya serikali ya kikoloni. Baada ya uhuru wa mwaka 1962, Redio Uganda ilibaki sauti pekee, na kipaza sauti chake kikawa alama ya madaraka. Aliyetaka kuiteka nchi alianza kwa kuiteka redio.

Tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, askari aitwaye Sam Wilfred Aswa alisoma redioni sababu 18 za jeshi kutwaa serikali, na hivyo ndivyo Waganda walivyojua kwamba Idi Amin ametawala. Tarehe 11 Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na ya wapiganaji wa Uganda yalipoingia Kampala, Luteni Kanali David Oyite-Ojok alikwenda redioni kutangaza kwamba utawala wa Amin umeanguka. Julai 1985 Obote alipopinduliwa kwa mara ya pili, habari ilitoka tena kwenye redio ileile.

Wazee wetu walijifunza kuisoma redio kama wavuvi wanavyoyasoma mawingu. Babu yangu alisema kwamba redio ikianza kupiga muziki wa kijeshi bila maelezo, mtu mwenye akili hurudisha ng'ombe zizini, huwaita watoto ndani na kufunga mlango. Muziki wenyewe ulikuwa habari.

Mambo yalibadilika mwaka 1993, serikali ilipofungua mlango kwa stesheni za watu binafsi. Sanyu FM ilitangulia, Capital ikafuata mwaka huohuo. Mwaka 1996 ikaja CBS, redio ya ufalme wa Buganda, yenye makao yake Bulange, Mengo. Katika muda usiozidi miaka kumi na mitano nchi iliyokuwa na sauti moja ikawa na stesheni zaidi ya 100.

Kisha likatokea jambo ambalo kwangu mimi, mwalimu wa Kiswahili, lina utamu wake. Mwaka 2000 Radio One ilianza kurusha mjadala wa wananchi kutoka baa ya Club Obbligato mjini Kampala. Watu walikaa kuzunguka meza, kila mmoja akapewa kipaza sauti kwa zamu, akasema alilonalo kuhusu serikali, bei ya sukari au barabara ya mtaani kwake. Mjadala huo uliitwa Ekimeeza, yaani meza kubwa. Neno hilo ni la Kiganda, lakini mzizi wake ni neno letu "meza", ambalo nalo Waswahili walilipata kwa Wareno. Stesheni nyingine zikaiga, na CBS ikaupa mjadala wake jina la Mambo Bado. Kwa hiyo wananchi wa Kampala, wengi wao wakisema hawajui Kiswahili, walikuwa wakijifunza uraia kwa maneno ya Kiswahili. Kwa mara ya kwanza muuza ndizi alishika kitu ambacho zamani kilishikwa na mwenye bunduki.

Septemba 2009

Tarehe 10 Septemba 2009 ilikuwa Alhamisi. Kabaka wa Buganda alitarajiwa kuzuru Kayunga Jumamosi ya wiki ile, na serikali ikamzuia Katikkiro wake kwenda huko kuandaa ziara. Habari zilipofika Kampala ghasia zilizuka. Matairi yalichomwa barabarani, polisi na askari wakatumwa, risasi zikalia kwa siku tatu. Serikali ilitaja vifo 27, na shirika la Human Rights Watch likasema waliokufa hawakupungua 40.

Katika siku hizohizo Baraza la Utangazaji lilizima stesheni nne: CBS, Suubi FM, Radio Two iliyojulikana zaidi kwa jina la Akaboozi, na Radio Sapientia ya Kanisa Katoliki. Zilituhumiwa kuchochea ghasia. Ekimeeza na midahalo yote ya aina yake ya nje ya studio ikapigwa marufuku. Stesheni zilizimwa kwanza, mazungumzo yakafuata baadaye. CBS haikurudi hewani hadi Oktoba 2010, zaidi ya mwaka mmoja baadaye.

Ijumaa asubuhi, tarehe 11, tulikutana watano katika chumba chetu cha trei za mayai. Mkononi nilikuwa na ukurasa wangu mmoja na nusu. Ulikuwa na mambo manne: kwamba kuna ghasia mjini, kwamba baadhi ya stesheni zimezimwa, kwamba barabara za kuelekea katikati ya mji hazipitiki kwa usalama, na kwamba wanafunzi wakae chuoni. Hapakuwa na neno la kumsifu Kabaka wala la kumlaumu Rais.

Mwenyekiti wetu aliuliza, "Kama CBS imezimwa, sisi ni nani?"

Mwanafunzi kutoka Kenya aliyesimamia muziki akasema kwao serikali ilizuia matangazo ya moja kwa moja baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na kwamba walionyamaza hawakuguswa. Mwingine akasema tungoje hadi Jumatatu. Mimi sikusema kitu. Nilikunja ukurasa wangu mara mbili nikautia mfukoni. Tukapiga muziki tangu asubuhi, nyimbo laini za mapenzi, ili mtu yeyote apitaye getini asisikie lolote la kumkera.

Ndugu msomaji, hakuna aliyetupigia simu. Hakuna ofisa aliyekuja. Mkuu wa chuo hakuwapo hata chuoni siku ile. Hatukuwa na leseni ya kunyang'anywa, kwa sababu hatukuwa na masafa. Serikali ilizima stesheni nne, na ya tano tuliizima wenyewe.

Jioni, giza lilipokuwa limeanza kuingia, msichana mmoja kutoka Tanzania aliingia getini kwa miguu. Alikuwa peku, kiatu kimoja mkononi, macho yamevimba kwa mabomu ya machozi, na unyayo wake wa kushoto ulikuwa ukivuja damu. Asubuhi alikuwa amekwenda mjini, kwenye ofisi ya mabasi, kuchukua mzigo uliotumwa na mama yake. Alijikuta katikati ya watu wanaokimbia, akakimbia nao bila kujua wanakimbia nini, akajificha dukani hadi alasiri, kisha akatembea njia nzima hadi Kansanga.

Tulimpa maji ya kunawa. Alipoweza kusema alinitazama mimi, kwa sababu sauti yangu ndiyo aliyoizoea.

"Kaka, si wewe unayesoma habari? Asubuhi nilikaa pale chini ya spika nikangoja. Nikasikia nyimbo. Nikajua mji ni shwari."

Kwa babu yangu muziki ulikuwa onyo. Kwa msichana yule muziki wetu ulikuwa ahadi ya amani, na ahadi hiyo ilikuwa ya uongo. Hatukutamka neno lolote la uongo siku ile. Tulimdanganya kwa kutosema.

Jumatatu tulirudia taarifa ya habari. Lakini hatukuwa walewale. Tulisoma habari za Somalia, za Marekani, za ligi ya soka ya Uingereza, ratiba ya mitihani na hali ya hewa. Habari za Kampala tuliziacha pembeni, na hakuna aliyesema tuziache. Ikawa desturi. Nilihitimu mwaka 2010 sijapata kusoma tena jambo lolote lililotokea ndani ya maili kumi kutoka kwenye kipaza sauti chetu.

Hoja ya upande wa pili

Haki inanidai niieleze pia hoja ya waliozima. Redio inaweza kuua. Barabara inayopita mbele ya chuo changu inaishia Ggaba, ziwani. Mwaka 1994 miili ya watu waliouawa Rwanda ilisafiri na mto Kagera hadi katika ziwa hili, ikazikwa katika fukwe zetu za Rakai na Masaka, na familia nyingi za Uganda ziliacha kula samaki. Kabla ya miili hiyo palikuwa na redio. RTLM ilianza kutangaza Kigali mwaka 1993, ikapiga muziki mzuri na kusimulia vichekesho, kisha ikawaita Watutsi mende na kutaja watu wa kuwindwa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani wakuu wa utangazaji ule. Anayesema kwamba dola haina haki yoyote ya kuingilia redio amesahau ladha ya samaki wa mwaka 1994.

Lakini hoja hiyo, ikiwa kweli, haituondolei lawama sisi. Katiba yetu ya mwaka 1995 inalinda uhuru wa kusema na wa vyombo vya habari katika ibara ya 29. Ibara ya 43 inakubali kwamba uhuru huo una mipaka, ila inadai mipaka yenyewe iweze kutetewa katika jamii huru ya kidemokrasia. Maana yake ni kwamba anayezima sharti aeleze ni neno gani lililosemwa, limemdhuru au litamdhuru nani, na kwa nini hapakuwa na njia ndogo zaidi ya kulizuia. Kumwita jirani mende ili auawe ni jambo moja. Kumwambia msichana asiende kwenye kituo cha mabasi ni jambo lingine kabisa. Woga wetu haukutofautisha mambo hayo mawili.

Tena palikuwa na jambo ambalo tungepaswa kulijua. Tarehe 11 Februari 2004, miaka mitano kabla ya siku yetu ile, Mahakama ya Juu ya Uganda ilikuwa imeamua kesi ya waandishi Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda. Ilikifuta kifungu cha sheria ya jinai kilichofanya kuchapisha habari za uongo kuwa kosa, kwa sababu kilibana uhuru kupita kiasi. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ikakifuta kifungu cha uchochezi. Mnamo 2023 mahakama hiyohiyo ikakifuta kifungu cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta kilichowatia wengi matatani kwa maneno "ya kuudhi". Haki hizi zilipiganiwa na watu waliokwenda mahakamani kwa majina yao. Sisi tulikuwa tukisomea ualimu, kesho tuwafundishe watoto wa nchi, na hakuna hata mmoja kati yetu watano aliyejua kwamba hukumu ya 2004 ipo. Mtu asiyeijua haki yake huogopa kila kivuli, na mtawala hana haja ya kumtisha, kwa maana atajitisha mwenyewe.

Ukurasa wa daftari

Mlinzi alitufungulia geti. "Karibu, mwalimu," alisema, ingawa hakunijua. Aliyenijua alikuwa fundi wa umeme, mzee aliyetufungia nyaya zetu zamani, ambaye sasa kichwa chake chote ni mvi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba," akanitazama kwa muda, kisha akacheka. "Wewe ni yule wa Kiswahili."

Alitupeleka nyuma ya bwalo. Chumba kimekuwa ghala la viti vilivyovunjika. Trei za mayai bado zimebandikwa ukutani, zimegeuka rangi ya majani ya chai. Wanafunzi wa siku hizi, alisema mzee, hawana haja ya spika. Wana simu. Kila mmoja ni stesheni.

Ndani ya kabati la chuma, chini ya mafaili, mzee alikuwa ametunza madaftari yetu ya zamu. Kila msomaji aliandika humo tarehe, saa, mambo aliyoyasoma na sahihi yake. Wanafunzi wangu waliyafungua kwa furaha, wakacheka mwandiko wetu na majina ya nyimbo zetu. Kisha mmoja wao, msichana mwenye tabia ya kusoma kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho, akasimama kwenye ukurasa mmoja.

"Mwalimu, hapa pana mwandiko wako."

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 11 Septemba 2009. Niliandika hivi: "Asubuhi. Habari: hakuna. Muziki." Chini yake palikuwa na sahihi yangu, imeandikwa vizuri kabisa, kwa kalamu ya wino wa bluu.

Akauliza, "Siku hiyo hakukutokea kitu?"

Ningeweza kumjibu kwamba ni siku ya kawaida. Wanafunzi hao wamezaliwa mwaka ule au karibu yake, hawaujui. Badala yake tuliketi kwenye vile viti vibovu nikawasimulia yote niliyokuandikia wewe, hadi unyayo wa yule msichana. Walipokwisha kusikiliza, mvulana mmoja aliuliza swali ambalo ndilo lililonirudisha kuandika.

"Nani aliwaambia msisome?"

"Hakuna."

"Sasa mlimtii nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na nadhani alilijua.

Nimelitafakari daftari lile tangu siku hiyo. Mtafiti wa historia akilipata baada ya miaka 100, atasoma kwamba tarehe 11 Septemba 2009, Kampala ikiwaka, Kansanga hapakuwa na habari. Atadhani ghasia hazikuathiri watu wa huku. Historia haipotezwi na wanaochoma nyaraka peke yao. Hupotezwa pia na vijana wenye adabu wanaoandika "hakuna" na kutia sahihi.

Wala jambo hili halikuisha mwaka 2009. Uchaguzi wa mwaka 2016 ulipofika mitandao ya kijamii ilizuiwa, na Januari 2021 intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa. Mzee amesema kweli kwamba kila mmoja sasa ni stesheni. Lakini stesheni ya simu nayo huzimwa, na mwenye simu naye hujizima. Ni mara ngapi umeandika jambo la kweli lenye manufaa kwa jirani yako, ukalifuta kabla ya kulituma, bila ya mtu kukuagiza?

Tukiwa bado mle chumbani wanafunzi wangu walianza kuandika kanuni za redio yao. Ya kwanza ni kwamba hawatasoma habari ambayo haijathibitishwa na watu wawili waliokuwapo au waliohusika. Ya pili ni kwamba hawatasoma neno la kumdhalilisha mtu kwa kabila, dini au nchi yake. Ya tatu niliwaomba waiongeze mimi. Inasema: "Siku tukishindwa kusoma habari, kwa sababu yoyote, tutatangaza kwamba tumeshindwa. Hatutaweka muziki mahali pake." Mtangazaji anaweza kuogopa, nami simlaumu kijana anayeogopa. Lakini angalau amwambie msikilizaji kwamba leo hapati habari, ili msikilizaji ajue kwamba yampasa kutazama mwenyewe kabla ya kutoka nje ya geti. Kanuni hii moja ingeuokoa unyayo wa yule dada.

Tulipokuwa tukiondoka, mvulana alimwuliza mzee kama vifaa vinaweza kutengenezwa. Mzee alizivuta nyaya zilizoning'inia dirishani akazikagua mojamoja.

"Nyaya ni nzima," alisema. "Spika ndizo zilizokufa. Hizo zinanunuliwa."

Nilimwomba ruhusa kuandika kwenye daftari la zamani. Chini ya sahihi yangu ya mwaka 2009 niliongeza mistari minne, nikitaja ghasia, stesheni zilizozimwa, barabara zisizopitika, na shauri kwamba wanafunzi wabaki chuoni. Nikaandika tarehe ya siku niliyoiongeza, ili atakayesoma ajue kwamba habari ilichelewa. Kisha tukatoka barabarani kungoja taksi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti kati ya kuzuiwa kusema na kujizuia kusema. Ni ipi iliyo rahisi zaidi kuiona, na kwa nini?
2. Kwa kutumia mifano ya RTLM ya Rwanda na taarifa ya habari iliyoachwa Kansanga, onyesha ni maneno gani dola inaweza kuyazuia kwa haki na ni yapi haipaswi kuyagusa.
3. Waulize wazee wawili wa mtaani kwako walikuwa wapi waliposikia redioni habari ya mapinduzi ya 1971, ya vita vya 1979 au ya ghasia za 2009. Andika majibu yao kwa Kiswahili, pamoja na tarehe, na uyatunze.